Kusimama uwanjani kuruhusiwe rasmi, au kila mtu akae kwenye kiti chake?

MwanaMzunguko (Dar es Salaam) ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikereketa tangu Jumapili, naomba mawazo yenu, hasa mlioko Ulaya mnaoingia viwanja vya kule.

Nilimpeleka mzee wangu kwenye mechi kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ana miaka 71, shabiki tangu enzi za kukalia zege pale Shamba la Bibi, Uwanja wa Uhuru. Nilimkatia tiketi ya mzunguko, yale majukwaa ya kawaida, kwa sababu ndiko anakotaka mwenyewe, anasema VIP watu wanaangalia simu. Tulifika mapema, tukapata viti vizuri nyuma ya goli. Mpira ulipoanza tu, safu ya mbele yetu ikasimama, maana walio mbele yao walishasimama. Tukasimama na sisi, wa nyuma yetu wakasimama. Hakuna aliyekaa tena mpaka mapumziko. Mzee alijikaza kama dakika ishirini, pumzi zikamwishia, akakaa. Kuanzia hapo mbele yake ilikuwa migongo tu, na mimi nikawa namtangazia nani ana mpira.

Goli lilipoingia, kijana wa nyuma yetu aliruka, akatua juu ya kiti badala ya sakafuni. Kiti kikapinda, akaja mbele mzima mzima, goti lake likampata mzee begani, wote wawili wakaangukia safu ya chini. Mzee alichanika ugoko kwenye ukingo wa kiti cha mbele, pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Kijana aliomba radhi mpaka machozi yakamtoka, akavua skafu yake akamfunga mzee mguuni. Sina kinyongo naye hata kidogo. Yeyote angeruka.

Sasa swali langu. Naona kwenye runinga siku hizi Uingereza kuna majukwaa ambayo watu wanasimama mechi nzima, na mbele ya kila safu pana bomba la chuma. Nilivyokuwa najua mimi, Waingereza walipiga marufuku kusimama baada ya watu kufa. Walibadilika lini, na kwa nini? Na sisi tunaoelekea kuandaa AFCON 2027 tutenge sehemu za kusimama, au ndiyo tutakuwa tunaita maafa? Mimi naelekea kuunga mkono. Mzee amekataa kabisa, anasema kusimama ni kusimama tu, chuma hakibadilishi kitu.

Kogalo wa Umoja (Nairobi):

Mpe mzee pole sana. Mimi niko upande wake.

Nilikuwa uwanja wa Nyayo hapa Nairobi tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards. Watu 7 walikufa siku hiyo. Mimi nilibanwa karibu na geti, mkono wa kulia ukiwa umekunjwa kifuani kwangu, na sikuweza kuushusha. Ndugu yangu, kama hujawahi kubanwa hivyo huwezi kujua. Miguu ilikuwa haigusi chini. Watu ndio walionibeba, na sikuwa na uwezo wa kuchagua naenda wapi. Nilipotoka nilikuwa na kiatu kimoja.

Sasa wewe uniambie tutenge sehemu ya kusimama, nani atahesabu? Kiti kina faida moja kubwa: kinahesabika. Viti vikiwa elfu tano, tiketi ni elfu tano. Ukishaondoa kiti, anayeuza tiketi ataona nafasi ya elfu nane. Mwaka 2025 tu, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, watu walilazimisha kuingia Kasarani bila tiketi mpaka CAF ikapunguza idadi ya mashabiki kuwa 27,000. Hiyo ni Kasarani yenye viti. Tumalize kwanza habari ya mageti, ndipo tuzungumze kusimama.

Koti la Njano (London):

MwanaMzunguko, nifikishie shikamoo kwa mzee na umpe pole ya ugoko. Hiyo ajali iliyompata naijua vizuri sana, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mpira nimeujulia Mkwakwani nikiwa nimeshikwa mkono na mjomba. Sasa naishi London, na siku za mechi nafanya kazi ya usimamizi wa jukwaa katika klabu moja hapa. Ndio sisi mnaotuona tumevaa makoti ya njano tumeupa mpira mgongo. Kazi yangu si kutazama mpira, ni kutazama nyuso za watu. Nimeanza mwaka 2017, kwa hiyo nimeona hali kabla ya mabomba na baada yake.

Nianze na ya kihistoria kwa sababu mzee ana haki ya kuogopa. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Nje ya upande wa Leppings Lane watu walijaa mbele ya mageti machache. Saa 8 na dakika 52 mchana polisi wakaamuru geti C lifunguliwe. Watu zaidi ya 2,000 wakaingia, na njia iliyokuwa wazi mbele yao ilikuwa handaki linaloelekea kwenye vizimba viwili vya katikati ambavyo vilishajaa. Naviita vizimba kwa sababu ndivyo vilivyokuwa: uzio kushoto, uzio kulia, na mbele uzio mrefu wa kuzuia watu wasiingie uwanjani. Hakuna aliyewaelekeza waende pembeni, ambako palikuwa na nafasi. Mechi ilisimamishwa saa 9 na dakika 6. Waliokufa ni 97, wa mwisho alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ileile. Kwa miaka mingi mashabiki walisingiziwa kwamba walikuwa walevi na wakorofi. Mwaka 2016 ndipo baraza la uchunguzi wa vifo likatamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Baada ya maafa Jaji Taylor aliandika ripoti, ya mwisho ikatoka Januari 1990, na kutokana nayo klabu za madaraja mawili ya juu zikalazimika kuwa na viti vitupu kufikia msimu wa 1994. Lakini ripoti hiyohiyo ilisema kusimama, kwa asili yake, si hatari. Wengi hawalijui hilo. Ndiyo maana madaraja ya chini hapa yameendelea kuwa na ngazi za kusimama miaka yote. Wana hesabu yao: ngazi zikiwa katika hali nzuri kabisa, mwisho ni watu 47 kwa kila mita 10 za mraba.

Kwa hiyo marufuku ikapitishwa, viti vikawekwa. Je, watu walikaa? Hawakukaa! Nyuma ya goli na upande wa wageni walisimama dakika tisini, kila wiki, kwa miaka karibu thelathini. Mimi mwenyewe miaka yangu minne ya mwanzo nilikuwa natumwa kwenda kuwaambia "jamani naomba mkae". Unamwambia mtu mmoja akae wakati mbele yake wamesimama mia mbili. Anakutazama kwa huruma. Tulikuwa tunatumia nguvu zetu zote kugombana na watu wema, na mwenye kuhitaji msaada kweli, aliyezidiwa au aliyelewa, tunamkosa.

Na walisimama wapi? Nyuma ya kiti ambacho mgongo wake unaishia kwenye magoti. Hapo ndipo mzee wako alipoumia. Kiti cha namna hiyo hakimzuii mtu mzima anayeyumba, kinamkata miguu tu aangukie wa mbele, na wa mbele amwangukie mwingine. Goli likiingia nilikuwa naona watu wanateremka safu kwa safu kama maji kwenye ngazi. Baada ya kila mechi kubwa chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa na watu wamekunja suruali, ugoko unavuja damu. Ugoko, ugoko, ugoko. Niliposoma swali lako nilijua umekuwepo kweli.

Mabadiliko yalianza Januari 2022. Serikali iliruhusu klabu tano zijaribu: Chelsea, Manchester City, Manchester United, Tottenham na Cardiff City. Mechi ya kwanza ilikuwa Chelsea na Liverpool, tarehe 2 Januari, sare ya 2-2. Msimu uliofuata ikaruhusiwa kwa klabu nyingine zinazotimiza masharti. Ila wa kwanza kabisa visiwani humu walikuwa Celtic kule Glasgow, mwaka 2016, kwa sababu sheria ya Uskoti ni tofauti. Shrewsbury Town, klabu ndogo iliyokuwa daraja la tatu, waliweka mwaka 2018 kwa fedha zilizochangwa na watu.

Sasa namjibu ndugu yangu wa Nairobi, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote hapa. Huku kiti hakijaondolewa. Kipo. Kila mtu ana kiti chake chenye namba kwenye tiketi yake, na mgongoni mwa kila safu pana bomba la chuma. Ukitaka unasimama ukaliegemea, ukichoka unashusha kiti unakaa. Kiti kimoja, mtu mmoja. Uwanja haukuongezwa hata nafasi moja ya kuuza. Masharti mengine ni kwamba kamera zione eneo lote, pawepo sehemu ya wenyeji na ya wageni, na asiye katika eneo hilo, hasa mwenye ulemavu, asizibiwe uwanja na wanaosimama.

Nakumbuka mechi yangu ya kwanza baada ya mabomba kufungwa. Goli la dakika za mwisho, na mimi nimesimama kwenye ngazi ya pembeni, uso kwa mashabiki. Mwili wangu wenyewe ulijiandaa, nikashika reli nikisubiri lile teremko. Halikuja. Waliruka, wakashuka palepale waliporukia. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa na mjukuu wake alikuwa amemweka mtoto mbele yake, kati ya tumbo lake na bomba, na mtoto hakuguswa na mtu. Siku hiyo ndipo nilipoacha kubishana na jambo hili.

Wapo waliofiwa Hillsborough ambao walipinga kwa miaka, na wapo ambao mpaka leo hawataki kusikia. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amekosea. Lakini Liverpool wenyewe waliweka viti vya mabomba Anfield mwaka 2021, baada ya mazungumzo marefu na mashabiki na familia.

Fundi Bomba (Dortmund):

Dada Koti la Njano amesema vizuri, naongeza ya huku. Ujerumani hawakuacha kusimama kamwe. Jukwaa la kusini hapa Dortmund linachukua watu 24,454 waliosimama. Nimeingia mara nyingi. Ukiwa pale katikati, kila hatua chache kuna bomba la kuegemea, na watu wana mahali pao pa miaka kumi, ukichelewa wanakushikia.

Tofauti na Uingereza ni bei. Huku eneo la kusimama linachukua watu wengi kuliko eneo hilohilo likiwa na viti, kwa hiyo tiketi ya kusimama ni rahisi kuliko ya kiti, na ndiyo maana vijana na wenye mishahara midogo bado wanaingia. Uingereza ni mtu mmoja kiti kimoja, usitegemee bei kushuka. Mtu akikuuzia wazo hili kwa kusema tiketi zitakuwa nafuu, muulize atafanyaje hesabu yake.

Zamani mechi za UEFA zilikuwa zinalazimisha viti, uwanja ukawa unapungua kutoka elfu themanini na moja mpaka sitini na kitu. Msimu wa 2022/23 UEFA nao walianza kujaribu kuruhusu kusimama, wakianza na Ujerumani, Uingereza na Ufaransa.

Mama Wawili (Arusha):

Mimi nauliza upande wetu tusiosimama. Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa, na mimi mwenyewe ni mfupi. Kila mnapozungumza kusimama mnazungumza kama vile wote ni vijana wa kiume wenye nguvu. Uwanja wetu mpya huku ukianza kazi, nataka kukaa na wanangu waone mpira. Mkipewa eneo lenu la kusimama, je, mtabaki humo?

Koti la Njano:

Dada yangu, swali lako ndilo lililoniteka mimi kwenye upande huu. Leo hii, bila eneo rasmi, wanaosimama wako kila mahali, kwa hiyo wewe na wanao hamna pa kukimbilia. Kukiwa na eneo lao, mimi msimamizi napata nguvu ya kumwambia aliyesimama mbele yako: kaka, wanaosimama wako kule, hapa tunakaa. Zamani sikuwa na "kule" ya kumwonyesha. Hawatii wote, sikudanganyi, hasa dakika za mwisho. Lakini mabishano yamepungua mno.

Kogalo wa Umoja:

Nimesoma yote mara mbili. Kama kiti kinabaki na namba inabaki, hilo naweza kulisikiliza. Sikujua hivyo, nilidhani ni zege tupu kama zamani. Lakini la geti bado nalishikilia, dada. Bomba halikunisaidia mimi nilipokuwa nje.

Koti la Njano:

Na ulishikilie, usiliachie. Hillsborough maafa yalianzia nje, mageti machache na watu wengi. Accra tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko, walikufa zaidi ya 120. Pale chanzo hakikuwa kusimama, polisi walifyatua mabomu ya machozi kwa watu waliokuwa jukwaani, watu wakakimbilia mageti wakayakuta yamefungwa. Mimi ningepewa fedha za uwanja mmoja leo huko nyumbani, ningetengeneza mageti na njia za kutokea kwanza, nikaajiri wasimamizi na kuwafundisha, tiketi zikawa za kuskani, halafu ndipo ningenunua mabomba. Ila nisingesubiri miaka thelathini kama huku. Kwa Mkapa watu wanasimama tayari, viti elfu sitini vipo na nusu ya mzunguko haikai. Hatuwezi kuendelea kuhesabu kwamba wamekaa. Na kwa kuwa mechi za kimataifa zinataka viti vyenye namba, kiti cha bomba hakivunji sharti hilo, kiti kipo palepale.

Halafu kuna viti vinavyong'olewa. Mwaka 2016 kwenye dabi ya Simba na Yanga vilivunjwa zaidi ya elfu moja hapo hapo kwa Mkapa. Kiti kinachojikunja ndani ya fremu ya chuma hakikanyagiki kirahisi hivyo.

MwanaMzunguko:

Ahsanteni sana wakuu, na dada Koti la Njano Mungu akubariki. Nimemsomea mzee kila kitu jana usiku baada ya chakula. Ile ya Hillsborough alinyamaza muda mrefu, akaniambia nirudie pale paliposema nafasi ilikuwepo pembeni. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo walikosa mtu wa kuwaambia piteni huku."

Bado hajakubali moja kwa moja. Ameuliza mambo mawili nikuulize. La kwanza, hilo bomba linafika wapi kwa mtu mfupi, lisije likawa ndilo analolitazama badala ya mpira. La pili, yeye mwenyewe mechi ijayo akae wapi, maana VIP hataki.

Koti la Njano:

Mwambie baba mimi nina futi tano na inchi moja, na kwangu linapita juu kidogo ya kitovu. Naweka viwiko juu yake naona uwanja mzima. Kwa mtu mrefu liko kiunoni.

La pili: mzunguko huohuo, atafute safu ambayo mbele yake kuna njia ya kupita au uzio wa chuma, si safu nyingine ya viti. Hapo hakuna wa kusimama mbele yake isipokuwa wapita njia. Mfike saa mbili kabla ya mechi kuanza, hizo safu zinawahiwa. Na wewe ukae nyuma yake, si pembeni yake. Mtu akianguka, akuangukie wewe.